Gari la Viti Viwili

Mwaka 1996 mji wa Migori ulikuwa na mafundi baiskeli wengi, na mmoja tu aliyesoma karatasi. Huyo ni Javan Nyamongo. Siku hizo baiskeli za Kihindi zilikuja zimefungwa kwenye katoni: rimu huku, spoku kule, pedeli ndani ya mfuko, na karatasi moja ya picha ambayo mafundi wengine waliwashia jiko. Javan aliisoma. Aliishia darasa la saba, lakini picha haziulizi cheti. Kwa miaka kumi na tisa aliunga baiskeli kwenye veranda ya duka la vifaa, uso ukiwa umeelekea gurudumu, kwa sababu gurudumu halimtazami mtu. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akimsalimu, mara nyingi alijibiwa na kengele.

Fundi huyu, Mkisii, alikuwa na mke, Dolphine, Mjaluo mzaliwa wa Ndhiwa, na alikuwa na ahadi. Ahadi aliitoa siku ya kupeleka mahari. Alisimama mbele ya wakwe akasema, "Mwaka ujao nitakuja hapa na gari." Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Ndivyo walivyo watu wa haya: hunyamaza mwaka mzima, halafu wakifumbua mdomo mara moja, wanatoa neno la kuwafunga maisha yao yote. Mwaka ujao ukaja, ukapita, ukavuta na wenzake kumi na minane. Dolphine akaendelea kubebwa kwenye karia ya baiskeli: kanisani kwenye karia, sokoni kwenye karia, hata kwenda kumzaa mtoto wao Valentine, kwenye karia. Kila alipolalamika, mumewe alimtuliza kwa kumweleza kwamba karia ile ilikuwa ya chuma cha daraja la kwanza.

Mwezi wa tano mwaka huo wa 1996, mvua ikinyesha, Dolphine alishuka kwenye karia katikati ya barabara, akakamua sketi yake, akaenda kwa mama yake Ndhiwa. Hakurudi.

Ujumbe uliletwa na Omwenga, jirani yao, mchuuzi wa nyanya aliyezunguka masoko yote hadi Ndhiwa.

"Mama mkwe wako anakusalimu," Omwenga alisema, akahakikisha veranda nzima inasikia. "Anasema hana ugomvi na wewe. Binti yake atarudi siku utakayofika na lile gari. Tena atamleta yeye mwenyewe, ndani ya hilo gari, Migori yote ione. Lakini makambi ya mwezi wa nane yakianza hujafika, usijisumbue tena. Ng'ombe wako watarudishwa, utafute mwingine wa kukalia chuma chako."

Kwa Msabato kama Javan, makambi ni wiki moja ya mahema, nyimbo na macho ya watu wote. Kukaa kwenye hema lile peke yako, kila mtu akijua kwa nini, ni adhabu ambayo hata mahakama haina. Na zaidi ya hema, nyumba ilikuwa imenyamaza. Javan, aliyedhani anapenda kimya, aligundua kwamba alichokipenda ni kunyamaza huku Dolphine akisema.

Akauza ploti yake ya kando ya mto, akaanza kuchagua gari.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwa na mama mkwe wa Ndhiwa. Gari la kwanza lilikuwa karibu kabisa. Omwenga alikuwa anauza pikapu yake, Peugeot 504, iliyowahi kubeba nyanya, maharusi na jeneza, na Jumapili moja ya mvua, vyote vitatu kwa pamoja. Watu kumi na wawili waliingia bila kugombana. Javan aliizunguka pale sokoni, akainama nyuma, akashika bampa, akavuta juu mpaka shingo ikatoa mishipa. Pikapu haikutingishika.

"Unafanya nini wewe?" Omwenga aliuliza.

"Naipima."

"Inainuliwa kama baiskeli?"

"Ni nzito."

"Gari ni nzito, Nyamongo! Ulitaka nyepesi, ukianika nguo uibane na kibanio?"

Soko lote likaangua kicheko. Javan akaachia bampa, akaondoka akitazama viatu vyake. Pikapu iliyofaa kwa kila kitu ikawa imekataliwa kwa sababu mbili nzito: haikuinuka, na watu walicheka.

Angeweza kumwuliza Dolphine. Baba yake, marehemu, aliendesha trekta ya miwa kule Awendo, na binti alijua kubadilisha gia kabla hajamaliza kubadilisha meno ya utoto. Barua moja tu ingetosha. Lakini mwanamume anayenunua gari la kumrudisha mke hawezi kumwuliza mke huyo anunue gari gani. Hiyo ingekuwa akili, na akili haikuuzwa pamoja na ploti.

Ndipo akaja Otieno, dereva wa mzungu mmoja wa Homa Bay, kuziba pancha.

"Mzungu wangu anauza gari," Otieno alisema kupitisha wakati. "Lakini bado liko ndani ya masanduku."

Javan akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama mtu.

"Masanduku?"

"Sita. Na kitabu cha picha."

Mzungu huyo, Bwana Hendri, mtaalamu wa visima, alikuwa ameagiza gari lake kutoka Uingereza likiwa vipande. Mpango wake ulikuwa aliunge kwa mikono yake, aliendeshe barabarani siku za kazi, na Jumapili ashindane nalo mbio kwenye uwanja wa ndege. Ashindane na nani, hakuna aliyemwuliza. Labda na mbuzi waliolisha pale. Katika miaka mitatu alikuwa amefunga gurudumu moja. Sasa mkataba wake umekwisha.

Naye pia alikuwa mtu wa haya. Wanaume wawili walisimama ndani ya gereji, mmoja akitazama sanduku, mwingine akitazama paa, na Otieno katikati akitafsiri kimya chao.

"Anasema likiwa zima halifiki kilo mia sita," Otieno alisema. "Anasema hakuna jepesi kama hili."

Javan alishika mwisho mmoja wa chesisi, Otieno akashika wa pili. Wakainua. Gari likapanda hewani kama kitanda cha mgonjwa. Javan aliona pia kwamba halikuwa na milango, halikuwa na paa, na kila gurudumu la mbele lilikuwa na madigadi lake peke yake, jembamba, limepinda vizuri, sawasawa na la baiskeli. Kifua kikamjaa. Dunia nzima ilikuwa imekosea kuhusu magari, na Waingereza fulani, huko kwao, walikuwa wamefikia ukweli ule ule aliofikia yeye kwenye veranda Migori.

"Lakini ndugu yangu," Otieno alinong'ona, "umeona viti ni viwili?"

"Baiskeli ina kimoja," Javan alisema. "Hiyo si hatua?"

Masanduku yalisafiri kwa lori la samaki, na kwa hiyo gari la mbio lilifika Migori likinuka omena. Kwa wiki sita Javan na Otieno waliliunga uani: kitabu kimefunguliwa juu ya ndoo, injini iliyotolewa kwenye Escort kuukuu ikining'inia kwenye mti wa mwarobaini. Baiskeli ikimalizika, kwa kawaida hubaki nati moja, na fundi huiweka mfukoni kama haki yake. Hapa ilibaki mikebe miwili ya skrubu.

"Hizi ni za wapi?" Otieno aliuliza.

"Za ziada. Wazungu ni wakarimu."

Kitabu cha serikali, cha usajili, nacho kilikuwa kile cha Escort hiyo, kwa hiyo mbele ya sheria gari lile lilikuwa na milango minne na nafasi ya watu watano. Ni mama mkwe tu ambaye hakusoma kitabu hicho. Otieno alimfundisha Javan kuendesha kwenye uwanja wa mpira, kisha akapata kazi Kisumu, akaenda zake. Siku mbili kabla ya makambi, Javan alipiga moyo konde, akavaa suti yake ya Sabato, akaelekea Ndhiwa.

Gari lilikimbia, hilo lazima lisemwe. Lilikimbia kama kitu kilichotupwa. Dereva alikaa chini kiasi kwamba mbuzi wa kando ya barabara walimtazama kwa kuinamisha vichwa. Kila punda aliyepishana naye alimrushia vumbi, na kila jiwe la barabara alilifahamu kwa uti wa mgongo. Alipoingia bomani kwa wakwe alikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi tai, kama tofali lililovalishwa kwa harusi.

Watu wakatoka. Mama Phelesia, mama yake Dolphine, akatoka wa mwisho, amevaa gauni jeupe la kwaya, mkoba mkononi, kuku kwapani. Alikuwa tayari kuonwa na Migori yote. Kwa heshima ya ukwe alisimama mbali, uso pembeni, akasema kwa kumtazama kuku.

"Dolphine, mwulize mkwe wangu, gari liko wapi?"

"Ndilo hili, mama," Dolphine alisema polepole.

"Hiki ni kipande cha mbele. Mwulize cha nyuma kinafika saa ngapi."

Ndipo kila mtu, na Javan akiwa wa mwisho, akaona jambo ambalo hata mtoto wa boma lile angeliona kwenye kitabu cha picha. Wajaluo na Wakisii wanaweza kubishana juu ya ng'ombe, mpaka na mpira, lakini kwa hili ni ndugu: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani machoni. Na kiti cha abiria kilikuwa kimebanana na cha dereva, paja kwa paja, bila hata unene wa mkoba katikati. Kwa wiki sita, kwa mikono yake mwenyewe, fundi Javan alikuwa ameunga chombo cha kumpakata mama mkwe.

"Shemeji," alisema Tony, kaka mdogo wa Dolphine, akishindwa kuzuia kicheko, "si tumfunge mama nyuma kwa mpira, kama kreti ya soda?"

"Tony!"

"Au akae hapo kando ya shemeji, tumfunike blanketi."

"Wuololo!" Mama Phelesia alijifunika uso kwa mkoba. "Nimeaibika nikiwa hai! Dolphine, mwambie arudi alikotoka. Nilisema gari. Sikusema kitanda." Akageuka kurudi ndani, na boma likaanza kumfuata.

Javan akazima injini. Akalitazama gurudumu la mbele, akaliambia kile asichoweza kumwambia Dolphine usoni.

"Kila tulipofika mlima wa Uriri," alisema, "ulikuwa unashuka kwenye karia ili mimi niweze kupanda. Miaka kumi na tisa. Hukusema kitu, unashuka tu, unatembea nyuma. Mimi nilikuwa nasikia aibu. Nikasema nitafute kitu chepesi, ambacho mlima hautakushusha. Sikufikiria kingine, Dolphine. Hicho tu."

Kwa Javan, hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka mzima. Gurudumu halikujibu. Dolphine ndiye aliyekuja. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akachungulia chini.

"Injini ya nini?"

"Escort."

"Gia?"

"Nne."

"Ulipokuwa unaingia kuna kitu kilikuwa kinagonga upande wa kushoto."

"Hakuna kinachogonga."

"Kinagonga," Dolphine alisema. Akakaza leso kiunoni. "Toka hapo."

"Niende wapi?"

"Toka, Baba Valentine. Mama! Njoo ukae na binti yako. Na wewe Tony, acha kucheka, mpe shemeji yako baiskeli."

Mama Phelesia alishusha mkoba usoni, akapima kiti, akampima binti yake, akaona hapakuwa na mwiko wowote uliobaki kumwokoa. Akaingia, kuku mapajani. Dolphine alikanyaga klachi kama mtu anayemsalimu rafiki wa utotoni. Vumbi lilipotua, Javan alikuwa amebaki na suti, na baiskeli ambayo aliitambua mara moja: aliiunga mwenyewe, mwaka 1989. Ilikuwa na pancha, na kwa bahati palikuwa na fundi.

Mchana kutwa alikanyaga pedeli, na kila mlima alishuka akasukuma. Pale Uriri alimkuta Omwenga ameegesha pikapu kando ya soko, ameshika kiuno.

"Nyamongo! Mkeo amenipita hapa kwenye mteremko kama mimi ni mti. Mimi, na Peugeot! Mama yako mkwe alikuwa anapiga mayowe."

"Ya hofu?"

"Mwanzoni." Omwenga alikuna kidevu. "Halafu akanipungia kuku. Na mkeo alikuwa anacheka, bwana. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Panda nikufikishe."

Javan alitazama pikapu, nzito, yenye nafasi nyingi za kukaa. "Nitafika tu," alisema.

Alifika jua likizama. Gari lilikuwa mbele ya nyumba, na nusu ya mtaa ilikuwa imelizunguka ikilinusa. Mama Phelesia hakuwa mle ndani, maana mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe. Alikuwa kwa mke wa Omwenga, ambako alikuwa akisimulia mteremko wa Uriri kwa mara ya nne. Salamu zake alikuwa amemwachia binti.

"Mama anasema gari lako ni zuri sana," Dolphine alimwambia mlangoni. "Ila wewe usiwemo."

Javan aliegemeza baiskeli ukutani. Alitaka kuuliza swali moja, lile tu, na alijua angeliuliza vibaya.

"Dolphine," alisema akitazama kizingiti. "Utarudi naye, au…"

Ufunguo wa gari ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso ya Dolphine, fundo gumu, la mtu asiyetarajia kulifungua kwa ajili ya mwingine. Aliligusa fundo, kisha akaelekeza kidole uani.

"Skrubu ulizobakiza, maana hukosi kubakiza, ziko wapi?" aliuliza. "Zilete. Na kitabu. Makambi ni keshokutwa, na upande wa kushoto bado kunagonga."