Jaribio la Waya wa Kwaya

Spika ya besi ya kwaya yetu hapa Ngombezi imechanika karatasi yake, ile inayotikisika na kutoa sauti. Wimbo ukishuka, inakoroma. Mimi ndiye ninayeunganisha vyombo, kazi niliyojifunza mwenyewe, na kabla ya kwenda kuimba Handeni niliomba spika itengenezwe. Lakini mwenyekiti wetu, mzee anayeheshimiwa, alikuwa ameonyeshwa waya wa kidijitali katika duka moja Korogwe, mnene, umesukiwa uzi mweusi. Aliambiwa unasafisha sauti. Mfuko wa kwaya ulimudu jambo moja tu.

Suala hilo nimelisoma sana. Waya ule huchukua muziki kwenye kompyuta na kuupeleka kwenye kisanduku kinachougeuza kuwa sauti. Kinachopita ndani yake ni tarakimu. Ni kweli tarakimu huweza kufika zikiyumba, moja imewahi, nyingine imechelewa, na kuyumba kukizidi sauti huharibika. Kisanduku chetu lakini huzipanga upya kwa saa yake ya ndani kabla ya kuzitoa. Waya mbovu ungekatakata muziki, usingeupunguzia utamu.

Niliuazima ule waya, nikatundika kanga mbele ya vyombo, nikaikalisha kamati. Nikapiga wimbo mmoja mara mbili, kisha nikauliza waya upi ulikuwa bora. Kwa heshima nilianza na mwenyekiti, na hapo jaribio likafa, maana kwetu mkubwa akishasema mdogo hapingi.

"Wa pili," alisema. "Besi imetulia."

"Wa pili, mzee," akadakia mweka hazina.

"Wa pili, jamani, hata kiziwi angesikia," akasema mama anayeongoza sauti ya kwanza.

Mtani wangu Mnyamwezi, wa sauti ya nne, akacheka. "Nyie Wazigua mna sikio moja tu, na analo mzee!"

Wakamzomea kwa furaha. Nikafunua kanga.

"Mzee, sikubadilisha kitu. Mara zote mbili ni waya wetu wa zamani. Nilitaka kuona kama tofauti tunaisikia au tunaidhani."

Mwenyekiti akavaa kofia yake. "Kumbe umetuita kutufanyia mtihani?"

"Hapana, mzee, nataka turudie, kila mtu aandike peke yake..."

"Mwanangu," mama yule akanikata, "mwombe mzee radhi kwanza. Mambo ya waya baadaye."

Nikaomba radhi. Aliyeomba radhi haendelei kubishana, basi hiyo "baadaye" haikuwepo. Waya ukanunuliwa.

Handeni, mbele ya wenyeji wetu, spika ilikoroma tangu ubeti wa kwanza. Waimbaji wa sauti ya nne walijitahidi kuifunika, wakaishia kupiga kelele. Wimbo ulipokwisha mwenyekiti alinijia nyuma ya vyombo, akanong'ona kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

"Waya hujauchomeka vizuri. Angalia tena."

"Sawa, mzee," nikasema. Nikauchomoa, nikauchomeka tena.