Sauti ya Mwanamume Nyumbani kwa Mama

Mama yangu aliuza samaki wa kukaanga Somanga, pale yanaposimama mabasi ya Lindi. Biashara yake ilikuwa sauti. Basi likiwa bado linakanyaga breki, abiria wameshamsikia: "Changu! Tasi wa moto!" Kwa hiyo sauti ilipoanza kukwaruza, kituo kizima kilikuwa na la kusema.

Mwenyewe alisema ni moshi wa kuni. Muuza korosho wa meza ya jirani akasema ni mwiba wa samaki umekwama, ameze matonge ya ugali bila kutafuna. Mama akameza mpaka sufuria ikaisha, sisi tukala mboga tupu. Duka la dawa wakampa vidonge vya rangi mbili. Shehe akamwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha kwa maji akalinywa. Sauti ikazidi kushuka.

Halafu, ajabu, akaanza kuipenda. Wateja waliozoea kubishania bei, wakisikia lile besi walilipa na kunyamaza. Konda mmoja alimwona kwa mgongo tu, kajitanda kanga, akasikia anavyoita, akasema, "Shikamoo mzee." Mama akaitika, "Marahaba," akacheka mpaka akakohoa. Nilipomwambia twende hospitali alinijibu, "Siumwi mimi. Koo limekauka tu. Huko ukienda mzima wanakutafutia ugonjwa."

Aliyetuokoa ni mjomba, kaka yake mkubwa anayeishi Songo Songo. Walikuwa hawajazungumza muda mrefu. Siku moja akapiga simu, mama akapokea.

"Haloo."

"Wewe nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mpe simu mwenyewe!"

"Mwenyewe ndiye mimi, kaka."

"Usiniite kaka! Umemwoa kwa idhini ya nani?"

Mama alikuwa mjane, na walii wa kumwozesha ni huyo huyo mjomba. Mama akavunjika mbavu kwa kicheko. Ikawa balaa: shemeji gani huyu, hajajitambulisha na anamcheka kaka wa mkewe? Mjomba akakata simu.

Kesho yake adhuhuri akatokea mlangoni, kanzu ya Ijumaa na siku si Ijumaa, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo bwana!"

Akakagua vyumba, akafungua choo, akapiga magoti kuchungulia uvungu wa kitanda. Akiwa bado chini, sauti ikatoka nyuma yake: "Unatafuta nini, kaka?" Mjomba akageuka na fimbo juu. Akamtazama mama, akatazama mlango.

"Hebu sema tena."

Mama akasema tena. Tukacheka wote watatu, mjomba kakaa sakafuni. Katikati ya kicheko mama akameza mate, akakunja uso na kushika shingo. Mjomba akainuka.

"Inauma?"

"Nikimeza. Inapanda mpaka sikioni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Hata mimi alikuwa hajaniambia. Mama akatazama chini. "Mwezi mzima wa mfungo jiko nilifunga, moshi haukuwepo, na sauti haikurudi. Nikajua. Niliogopa wasije wakanitajia lile neno."

Hatukumuuliza neno gani. Mjomba alisema tu, "Kesho tunaondoka."

Hospitali ya wilaya ikatupeleka Dar. Huko wakampitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, baadaye wakakata kinyama cha kupima. Daktari akalitaja: saratani ya koo, bado ndogo, inatibika kwa mionzi. Kisha akamwamuru mama asiseme kwa siku kadhaa, kidonda cha pale walipokata kipone. Hilo ndilo lililomtoa machozi. Alituita kwa kutupa ndala, na alikuwa na shabaha.

Mionzi ilimkondesha, ikamuunguza shingo, ikamwondolea ladha. Lawama zote akawatupia wapishi wa Dar. Sauti ilirudi, ingawa bado ina mkwaruzo. Hadi leo huenda Dar kupimwa, na akitoka hunipigia. Kwanza ananieleza jinsi samaki wa soko la Feri walivyolala, macho mekundu, aibu tupu. Nangoja, nimeshika simu kwa mikono miwili. Ndipo anasema, "Na madaktari wameona koo ni safi."