Mkaratusi wa Mama Tumainieli

Lydia aliupata mche wa mkaratusi kwenye misheni ya Gonja. Ulikuwa umefungwa na udongo wake ndani ya ganda la mgomba, naye akaubeba kichwani mpaka Myamba, mwanawe Tumainieli akiwa mgongoni. Mtoto alikuwa na kifua. Pale misheni muuguzi alikuwa amemfukiza kwa majani ya mti huo chini ya blanketi, na kwa mara ya kwanza tangu masika mtoto akalala bila kukoroma. Lydia akaomba mche, akapewa.

Ilikuwa mwaka uliofuata mgomo wa Wapare wa kupinga kodi ya mbiru, wanaume walipokwisha kurudi kutoka Same walikokwenda kuandamana. Mumewe, Eliezeri, hakukaa nyumbani. Aliteremka kwenye mashamba ya mkonge, akawa anaonekana Krismasi tu. Kwa hiyo aliyemsaidia Lydia kuchimba shimo alikuwa Dorkas, jirani yake wa ukuta wa pili. Wawili hao walipata kipaimara siku moja, walichanja kuni pamoja, na mmoja akijifungua mwenzake ndiye aliyempikia uji.

"Mti wenyewe mwembamba hivi, utafika wapi?" Dorkas aliuliza.

"Utafika. Wewe nishikie tu."

Waliupanda chini ya nyumba, pembeni ya bustani ya maharage. Mbuzi waliula ncha mara moja, Lydia akausukia uzio wa fito. Mchwa walipouingia, alimwaga majivu shinani. Kiangazi kilipokaza aliuletea maji ya kibuyu, na alipokwenda kumtazama mama yake mgonjwa, Dorkas ndiye aliyeumwagilia. Mti ukakua kama uliokuwa na haraka ya kwenda mahali. Tumainieli alipoanza shule ulikuwa umeipita nyumba, na gome lake lilikuwa likibanduka kwa vipande virefu ambavyo wanawake waliviwashia moto. Maharage yaliyokuwa karibu yalififia, Lydia akayahamishia upande wa pili bila kulalamika. Watu wa Myamba wakazoea kuja na watoto wao wenye mafua kuomba majani. Hakumnyima mtu.

Kisha mvua za vuli zikakosekana, na masika yaliyofuata yakaja kidogo sana. Chemchemi iliyokuwa juu ya makazi yao, waliyoitegemea kwa kunywa na kwa mfereji wa mashamba, ikapungua mpaka wanawake wakawa wanachota kwa kikombe.

Siku moja Dorkas alimkuta Lydia akipalilia, akachuchumaa karibu yake.

"Dada, nikuambie jambo, lakini lisitoke hapa. Hezroni amefyeka ule msitu ulio juu ya chemchemi. Amepanda kahawa."

Hezroni alikuwa mume wa Dorkas, na ndiye aliyegawa zamu za maji ya mfereji. Pale juu paliachwa msitu tangu enzi za babu zao, na kila mtu alijua kuwa ndio ulioyatunza maji.

"Umemwambia aache?"

"Nimemwambia. Amesema nikifungua mdomo nirudi kwetu. Nina watoto watano, nitakwenda nao wapi? Nifichie."

Lydia aliendelea kung'oa majani. "Nitakufichia," akasema. Na kweli alimfichia, hata wanawake walipokuwa wakigombana chemchemini mbele yake kwa ajili ya kikombe cha maji.

Mfumwa, mtawala wa eneo lile, akaitisha baraza ili ijulikane maji yamekwenda wapi. Watu walikaa kwenye majani mbele ya nyumba yake. Wazee waliongea juu ya mvua, juu ya mifugo, juu ya watu kuacha desturi. Hezroni alikaa mbele akiangalia vidole vyake. Ndipo Dorkas akasimama.

"Mimi naujua mti unaokunywa maji yetu," alisema. "Ni ule mkaratusi wa Mama Tumainieli. Nimeona kwa macho yangu maharage yakifia chini yake. Mizizi yake inatembea."

Lydia alisubiri Dorkas amtazame, lakini hakumtazama.

"Mti wangu uko chini ya chemchemi," alisema alipopewa nafasi. "Mkitaka kujua, pandeni juu mkaone kahawa ya Hezroni. Msitu umefyekwa."

Minong'ono ikapita. Hezroni akauliza kwa upole, "Mama Tumainieli, ulijua hayo lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na hukumwambia mtu? Leo mti wako umetajwa, ndipo unakumbuka."

Lydia alimgeukia rafiki yake. "Dorkas, waambie aliyeniambia ni nani."

Dorkas alivuta kanga yake mabegani. "Mimi sijui anachosema," alijibu.

Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama. Kila mtu alikuwa na shamba la kumwagilia, na zamu zilikuwa mikononi mwa Hezroni. Mfumwa akaamuru mti ukatwe kwa msaragambo, kazi ya wote, na Jumatatu wanaume wakaja na mashoka. Lydia aliwapikia makande kama ilivyo desturi, kisha akaingia ndani na kufunga mlango mpaka alipousikia mti ukianguka. Magogo yaligawanywa. Hezroni alichukua yaliyonyooka, akajengea banda la kukaushia kahawa.

Maji hayakuongezeka. Mwaka uliofuata yalikaribia kukauka kabisa, na wazee, sasa kwa sababu ya kiu, wakapanda juu wenyewe. Waling'oa kahawa, wakamvua Hezroni kazi ya zamu. Kwa Lydia hakuja mtu kusema neno. Alianza kuteka maji kwenye kijito cha ng'ambo, mwendo mrefu wa kuteremka na kupanda, ili asisimame foleni moja na Dorkas.

Siku moja baada ya ibada Dorkas alimjia uani akiwa ameshika jani la isale, ambalo kwa Wapare likiletwa mkononi ombi la msamaha halikataliwi.

"Niliogopa kufukuzwa," alisema. "Unajua niliogopa."

"Najua. Nilijua utamtetea mumeo. Sikujua utanitumia mimi."

Dorkas akalia. Lydia alilipokea jani, maana hakutaka kuvunja desturi mbele ya watoto. Alimkaribisha kigoda, akamletea uji, wakazungumza habari za mahindi mpaka bakuli likaisha.

Kesho yake asubuhi Dorkas alimngojea njia panda ya chemchemi, mtungi kichwani, waongozane kama zamani. Lydia alimsalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akashika njia ya kijito.