Alasiri Waliyonipeleka Bwenini

Juzi nilipita karibu na chuo kimoja hapa Saint Paul, nikaona wazazi wakishusha mito na masanduku ya watoto wa kambi ya masomo ya kiangazi. Nikakumbuka alasiri yangu ya kwanza kambini.

Bweni lilinuka dawa ya sakafu, na nje mashine ya kukatia nyasi ilinguruma bila kukoma. Tulikuwa tumetoka nyumbani Apple Valley bila mtu kusema neno garini, nami nikadhani wazazi wangu wamenikasirikia kwa kuwa sikutaka kuja. Baba alitandika kitanda changu, akakitandua, akakitandika tena. Mama alisimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Baba, it's fine," nilisema. Nilimwonea aibu mbele ya msichana niliyepangiwa naye chumba.

"Ngoja, mwanangu. Shuka halijakaa vizuri."

Kisha akanikumbatia muda mrefu. "Ukirudi nyumbani, umsaidie mama yako."

Nilidhani anazungumzia kuosha vyombo.

Sasa najua kwamba kambi ile walinitafutia ili nisimwone Baba akifungasha vitu vyake. Ilipokwisha, Mama alikuja kunichukua peke yake.

"Baba yako amehamia Oakdale," aliniambia tukiwa njiani.

"Ni mbali?"

"Si mbali. Ni mwendo mfupi tu kwa gari."

Nilifurahi sana. Nikajua basi jioni atakuja kula.