Nusu ya Pili ya Kitabu

Watu wa Bariadi wakiona duka langu la mashine za kusaga wanasema yule alizaliwa na bahati. Bahati gani? Nimechunga ng'ombe Nkololo, shule nikaiacha darasa la nne, na leo nimekwenda China mara kumi na moja. Hapa mjini kuna wenye digrii ambao hata Nairobi hawaijui. Sijisifu, nasema ukweli.

Safari yangu si ya nguo. Nabeba vyuma. Mteja akileta gia iliyokatika meno, sihangaiki kutafuta inaitwaje kwa Kiingereza. Naitia begini, naifikisha kiwandani, naiweka mezani mbele ya Mchina na kuonyesha idadi kwa vidole. Ameelewa. Ongeza unga na michembe, maana bila viazi vyetu vya kukausha tumbo langu halisafiri, na kilo za begi zimekwisha. Kitabu kitakaa wapi?

Lakini kitabu lazima kiwepo. Hiyo ilikuwa amri ya mke wangu. Yeye alimaliza la saba, na baba yake alikuwa katekista, vitabu alivikuta nyumbani. Ndiye aliyenifundisha kusoma sawasawa, kidole juu ya mstari, wakati nina duka na watoto watatu tayari.

"Kutwa nzima kwenye ndege utaangalia nini?" alikuwa akisema. "Mawingu hayana habari."

Kuchagua alichagua yeye: kiwe cha Kiswahili, herufi kubwa, sura fupi nisichoke. Safari moja nilijifanya mjuaji, nikajichagulia mwenyewe Mwanza. Nilichukua kinene kuliko vyote, cha Kiingereza, nikakipakata kwenye ndege ili watu wakione. Jirani akaniuliza kama mimi ni daktari wa mifugo. Kumbe kilihusu magonjwa ya kuku. Mke wangu alicheka wiki nzima. "Shikamoo, daktari wa kuku."

Wazo la kukata lilikuwa langu, na mpaka leo sijaona msomi aliyelifikiria. Nilichukua kisu nikapasua kitabu katikati.

"Baba! Umechinja kitabu!"

Baadaye mke wangu alizoea. Alikuwa anasoma nusu ya kwanza kabla sijaondoka, naondoka nayo, yeye anabaki na ya pili. Kila nusu tuliifunga kwa karatasi ya kaki. Nikirudi, tunakaa uani ananisimulia mwisho wote. Kwa hiyo, na hili sijawahi kumwambia mtu, hakuna kitabu nilichokimaliza mwenyewe.

Mwaka jana alikuwa anaumwa figo. Mzigo wangu ulikuwa tayari kiwandani, akaniambia nenda, mdogo wangu yupo, atanitunza. Kitabu cha safari hiyo kilikuwa cha mjane anayenyang'anywa kisima na shemeji zake. Kesi imefika kwa mkuu wa wilaya, na hapo ndipo kisu changu kilipopita. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa na haraka, nikachukua kaki iliyokuwa karibu. Kwenye ndege nikafungua, naona ukurasa unaanza katikati ya sentensi. Nilikuwa nimebeba nusu yake. Nikasoma mistari michache, nikalala.

Siku ya tatu mke wangu akapiga simu, tukasalimiana Kisukuma.

"Wangaluka, tajiri. Umeniibia mwisho wangu."

"Wangaluka, mayu. Ni haraka tu."

"Basi nisomee kidogo. Mwanamke mwenzangu kisima alipewa, hakupewa?"

Chumbani tulikuwa wafanyabiashara wanne. Wote wananijua kama mtu wa vitabu. Nisome kwa kusitasita mbele yao, kama mtoto wa chekechea? Nilisema mtandao mbaya. Hiyo ni sababu ya kwanza, ya aibu. Ya pili nilijitungia baadaye, nikaiona ni ya akili sana: mteja humpi bidhaa zote siku moja, unamwachia hamu ili arudi. Nikasema moyoni, mtu mwenye hamu ya jambo hafi. Atanisubiri.

Alipopiga tena kuuliza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Fungua hata ukurasa wa mwisho tu, baba."

"Hapana. Nitakuambia nikifika."

"Haya," akasema. "Safiri salama."

Siku mbili kabla ya kurudi alinipigia mdogo wake. Nikamuuliza dada yako anaendeleaje. Akasema, "Shemeji, wewe njoo tu. Utaambiwa ukifika."

Msukuma gani hajui maneno hayo? Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu anaachwa asafiri hajaambiwa, huku ameshajua. Nilikaa kitandani pale, vyuma vyangu miguuni, wenzangu wakazima televisheni wenyewe. Nilifika nikakuta turubai uani. Tukazika Nkololo.

Matanga yalipokwisha nilianza kuisoma ile nusu, kidole juu ya mstari. Jibu halikuwa hata mwishoni. Lilikuwa ukurasa wa nne: mkuu wa wilaya anasimama mbele ya watu anasema kisima ni cha mjane, shemeji warudishe na ndoo. Kurasa zote zilizobaki ni mjane yule anapanda michungwa, anaoza binti.

Nikaenda kwa shemeji yangu, anachambua mchele. Nikamwambia, mjane alipewa kisima.

Akaacha ungo. "Alipewa?"

"Alipewa. Mapema kabisa."

"Mbona dada alijua amenyang'anywa?"

"Nani alimwambia?"

"Wewe, shemeji. Ulimwambia utamweleza ukifika. Alikata simu akaniambia, mume wangu ananificha, mama wa watu amepoteza. Akalia. Nikamwambia dada, ni kitabu tu hicho. Akasema ndiyo, ni kitabu, lakini huyu mwanamke amehangaika sana."

Shemeji aliurudia ungo wake, akawa anatupa mawe madogo pembeni, moja moja, nami nimesimama pale mlangoni.