Kompyuta Inayokata Maneno

Mama mkwe wangu ni mshonaji, na kwake kitu kisichovaa ni kitu kisicho na mwenyewe. Redio ina fulana. Friji ina kilemba cha lasi. Rimoti ya televisheni ina mfuko wenye kifungo, na ukitaka kubadilisha stesheni sharti uivue kwanza. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu nguo aliyoshona yeye inaweza kuchakaa yote, pindo likabaki. Mimi nimeolewa na mwanawe wa pekee na tunakaa naye nyumba moja, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota kwa jirani.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya siku nyingi. Mume wangu aliipata ofisi yao ilipokuwa ikitupa vyombo vilivyochoka. Ina kioo juu ya meza na tumbo kubwa chini ya meza, na ukiiwasha inakohoa kabla ya kuitika. Hapa nyumbani ina kazi moja tu. Kila Jumapili mchana Mama anakaa mbele yake, ananyoosha kola, nami namfungulia kivinjari, yaani ule mlango wa kuingilia intaneti, naingia kwenye ukurasa wa mazungumzo ya video, na mdogo wake anatokea kiooni kutoka ng'ambo. Huyo mdogo mtu tunamwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba wa kwao. Mama alimbeba mgongoni, akamsomesha kwa cherehani, kisha wakaja kununiana miaka mingi, hata salamu hakuna. Ni haya mazungumzo ya Jumapili yaliyowarudisha.

Nilishamwambia atumie simu yangu, tusihangaike na likompyuta lile. Akanitazama juu ya miwani.

"Nizungumze na mdogo wangu akiwa saizi ya kiberiti? Nitamwona uso au nitamwona pua?"

Basi, nikafyata mkia.

Shida ilikuwa kwamba kivinjari kilianza kujifunga chenyewe. Mazungumzo yanaanza vizuri, salamu zinakwenda, na salamu za watu wale si za kumalizwa upesi. Watoto hawajambo? Goti linaendeleaje? Yule jirani mwenye mbwa bado yupo? Na mbwa je? Wakishamaliza kuulizana habari za walio hai, Kitinda anameza mate, anasema, "Dada, nataka kukuuliza kuhusu mama." Pu! Kioo cheupe. Ukurasa umepotea, kivinjari kimefunga duka. Siku nyingine mashine nzima inazimika na kutuachia giza.

Mara ya kwanza tulicheka. Iliporudia na kurudia, mahali palepale, Kitinda alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu.

"Mkwe wangu, mwambie dada namjua. Akiulizwa asichokitaka, anaondoka. Zamani alikuwa anashika mkasi anasema ana kazi. Siku hizi anabonyeza kitufe. Jumapili ijayo napiga kwa mara ya mwisho. Akinikatia tena, na mimi nimekata."

Swali alilotaka kuuliza tulilijua wote. Mama yao aliugulia nyumba hii hii, akauguzwa na Mama Pindo peke yake, na Kitinda akapata habari baada ya mazishi. Si kwamba simu hazikuwepo. Hakuambiwa. Hilo ndilo lililowanunisha, na sababu yake hakuna aliyeijua, hata mume wangu.

Nilimpelekea Mama ile sauti akiwa kazini, pini zimemjaa mdomoni. Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake.

"Haki ya Mungu sijamkatia," akasema. "Sina ndugu mwingine duniani. Mwite fundi aje tena."

Alisema "tena" kwa sababu fundi alikuwa ameshakuja hadi amezoea kiti chake. Ni fundi wa kompyuta wa kona ya pili, mtu mzima, miwani imefungwa kamba, mpole kupita kiasi. Alipokuja mara ya kwanza alifuta takataka ambazo kivinjari hulimbikiza kila unapotembelea ukurasa. Akaondoa vikorokoro vilivyojipachika juu yake bila kualikwa, ambavyo mume wangu aliapa havijui. Akajaribu kuweka toleo jipya, mashine ikagoma.

"Mama, toleo jipya halimtaki mzee huyu," fundi akasema. "Nitakuwekea la zamani kidogo, hao watasikilizana."

Akafungulia video ya mpira ikacheza kipindi kizima, yeye anakunywa chai yetu, na kivinjari hakikutikisika. Akasema imepona. Jumapili, "Dada, nataka kukuuliza," pu!

Akaja tena, akaipulizia vumbi, akaiongezea kumbukumbu, akafungulia mpira mwingine. Safi kabisa. Jumapili, pu! Safari iliyofuata, yaani hii ya baada ya ujumbe wa Kitinda, aliipima kila pembe akakuna kichwa, halafu akakosea kufungua mdomo.

"Samahani Mama. Labda ukiwa unazungumza kuna mahali unabonyeza bila kujua?"

Lo! Afadhali angetukana.

"Vidole hivi?" Mama akavinyoosha mbele ya miwani ya fundi. "Vimevalisha maharusi wa mtaa huu, vimevalisha na mama yako, leo vishindwe na kitufe?"

Fundi akaomba radhi akaondoka bila kumaliza chai. Mimi nami nilikuwa na dhambi yangu. Jumapili iliyotangulia nilisimama nyuma ya Mama makusudi, nimchunge mikono. Mikono ilikuwa mapajani. Kioo kikawa cheupe vilevile.

Jumamosi yake nikaiwasha niijaribu mwenyewe, kwa hasira zaidi kuliko ujuzi. Nikafungulia video ndefu ya mapishi, nikaenda kupasi nguo, nikarudi, video bado inacheza. Bobini ya cherehani, kile kigurudumu cha uzi, ilikuwa imebingirika chini ya meza. Nikaingia kuifuata, na wakati wa kuinuka nikashika lile tumbo la mashine nipate kujiegemeza. Nikaruka nikajigonga kichwa. Lilikuwa la moto kama pasi niliyoiacha muda ule ule. Hapo juu, pu, video ikakatika.

Nikakaa sakafuni naitazama, na ndipo nilipoona kitu ninachokiona kila siku. Kompyuta ilikuwa imevaa. Koti zito la kijivu lenye bitana, limekatwa kwa vipimo, vifungo vimepanda mpaka shingoni, halina hata upenyo wa sindano. Matundu yote ya kutolea joto yalikuwa ndani ya koti. Katika nyumba ambayo hata rimoti ina kifungo, nani angeshangaa kompyuta kuwa na koti?

"Mama!" nikaita. "Hii nguo uliishona lini?"

"Kipindi kile cha vumbi, walipokuwa wanachimba barabara." Akaja akifuta mikono. "Kwani imefumuka?"

Ndicho kipindi kivinjari kilipoanza kujifunga.

"Na fundi akija, huwa iko wapi?"

"Naivua."

"Unaivua?"

"Wewe vipi? Mikono ya fundi ina grisi. Naivua asubuhi, naikunja naiweka kabatini. Akiondoka naivalisha."

Kwa hiyo maskini fundi alikuwa kila siku anampima mgonjwa aliyekwisha kupepewa, anamkuta mzima, anaondoka, na nyuma yake mgonjwa anafungwa koti tena. Na zile salamu za mbwa na magoti ndizo zilizokuwa zikiipa mashine muda wa kuchemka, mpaka ikifika kwenye swali la Kitinda imeiva. Nilimpigia simu fundi, akasema hata yeye akivalishwa bitana na joto hili angezimia. Mume wangu yeye alicheka akashika ukuta. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akasema, na akairudia methali ile jioni nzima utadhani ameitunga yeye.

Mama hakucheka. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalikunja juu ya paja.

"Kwa hiyo kesho haitakata?"

"Haitakata, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaenda jikoni akaanza kusugua sufuria, na sufuria zile zilikuwa safi, nilikuwa nimeziosha mimi. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Muda wote tulikuwa tunailaumu mashine, na mashine ilikuwa inamsitiri.

Jumapili Kitinda akatokea kiooni, hana tabasamu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Goti?"

Salamu zikaenda. Mama akaulizia mvua, akaulizia bei ya vitambaa huko, akaulizia tena mbwa ambaye hajawahi kumwona. Nilitaka kuinuka niwaachie nafasi, akanishika sketi.

"Kaa."

Kitinda akameza mate. "Dada, nataka kukuuliza kuhusu mama."

Mama akatazama chini ya meza. Mashine ilikuwa uchi, inanguruma taratibu, haina shida na mtu. Akaisubiri. Akaisubiri tena. Kisha akainua uso.

"Uliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekuja."

Kitinda akafungua mdomo, Mama akainua kiganja.

"Ngoja, nikiacha sitaanza tena. Nilimwosha mimi. Nilimlisha, nilimgeuza kitandani. Nikiingia na chakula anauliza, 'Kitinda amefika?' Nikimbadilisha shuka, 'Kitinda amefika?' Nikasema moyoni, huyu akija, mama atafia mikononi mwake, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni nimeshika beseni. Nilikuwa na wivu, mdogo wangu. Mtu mzima mimi, wivu umenijaa hapa kooni. Nilitaka siku moja, hata ikiwa ya mwisho, aniite mimi."

Kitinda alitulia sana hata nikadhani picha imeganda, nikainama kusikiliza feni. Feni ilikuwa nzima. Nyuma ya Kitinda kule pazia lilikuwa linapepea.

"Akakuita?" akauliza.

"Hakuniita," Mama akasema. "Mpaka mwisho alikuita wewe. Macho yalikuwa hayaoni tena. Akasema, 'Kitinda, umefika?' Nikamwambia, 'Nimefika, mama.' Akatulia."