Kimya cha Vigari

Kwa nusu ya maisha yake Gudrun Østergaard amelea nyumbani kwake watoto wa majirani wazazi wakiwa kazini, na siku zote wamelala mchana nje, kama alivyolala yeye utotoni: vigari vyao vya kusukuma chini ya paa la kibanda, blanketi hadi kidevuni, baridi ya kwao Jutland ikiwatia wekundu mashavuni. Vuli hii ndipo kimya chao kilipoanza kumtisha. Alitoka mara kwa mara, akaweka kidole chini ya pua ya kila mmoja. Wakaamka, wakalia. Jioni walirudi kwao wamechoka, wana hasira, hadi wazazi wakalalamika. Mkaguzi wa manispaa akamwambia kwa upole: hali ikiendelea hivi, watoto watahamishiwa kwa mlezi mwingine.

Daktari alimpeleka kwa mshauri, na mshauri akampa daftari. Aandike wazo linalomtisha, kisha yanayolithibitisha na yanayolipinga.

Gudrun aliandika kuhusu mmoja wa watoto wake wa kulea: “Villads amekufa.” Halafu akavaa buti, akatoka kutafuta ushahidi.

“Ushahidi ulikuwa nao hapo kitini,” mshauri alimwambia baadaye. “Kidole chako hakiijibu hofu, dada. Kinailisha.”

Leo theluji ilidondoka taratibu. Watoto walikuwa wamelala. Mumewe, Preben, alikuwa akimenya viazi.

“Bibie, umeshawazika wangapi leo?”

“Nyamaza, mzee. Huu si mzaha.”

“Najua. Ndiyo maana nauliza.” Akamsogezea kalamu.

Nje ya dirisha, kigari cha Villads kilikuwa kimeacha kutikisika. Gudrun akaandika: Amekufa. Yanayothibitisha: kimya. Yanayopinga: amemaliza uji. Hana homa. Mkanda nimemfunga mwenyewe. Watoto wakilala hunyamaza.

Aliyasoma, hayakumtuliza. Mkono ukashika kitasa cha mlango.

“Na kama leo ndiyo siku yenyewe?”

“Hilo nalo liandike,” Preben alisema, safari hii bila utani.

Akarudi kuketi. Akaliandika, herufi zikipandana, akaendelea kukaa, jasho likimtoka mgongoni, mpaka Villads alipolia mwenyewe: kilio cha kawaida cha mtoto aliyeshiba usingizi. Preben akaenda kumchukua, akamweka mapajani mwa mkewe, mzito, mwenye joto.

Gudrun alimkumbatia. Lakini masikio yake yalikuwa bado nje, kwa wale wengine watatu ambao hawajaamka.